Full suspension niliyomchagulia Momanyi, na keria aliyofungiwa na mama yake

Wakuu, habari za saa hizi.

Humu ndani mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Huwa nachangia tu mtu akiuliza habari za gia au tairi, na wengine mmeshanisema kwamba najibu kwa ukali. Ni kweli, nina hasira za karibu. Leo naleta yangu mwenyewe. Majina nimeyabadilisha, lakini yaliyotokea ni yale yale, na mengi yananichafua mimi. Kwa hiyo msidhani natafuta sifa.

Uzi ni mrefu. Mwenye haraka anaweza kuruka, ila akifika mwisho asiniulize maswali ambayo nimeyajibu katikati.

Kwanza mnijue. Niiteni Owuor. Kwetu ni upande wa Homa Bay, lakini nafanya kazi mjini Kisii, chumba cha eksirei katika kliniki moja ya kibinafsi. Mwaka wa saba sasa.

Kazi yangu kwa kifupi ni kutafuta ufa. Mtu anaanguka kutoka kwenye mparachichi, analetwa, namlaza, nampiga picha, halafu natafuta ule mstari mwembamba ambao mtu mwingine angesema ni uchafu tu kwenye kioo. Nikiuona, naandika. Ndiyo ninalolipwa kwa ajili yake.

Momanyi nilimjulia hapo hapo. Ana duka la vifaa vya ujenzi mjini, mabati, saruji, misumari, na miaka ya kubeba saruji ilikuwa imemletea maumivu ya mgongo. Alikuja, nikampiga picha. Mifupa ilikuwa safi kabisa. Daktari akamwambia apunguze kubeba na afanye mazoezi, mimi nikamwambia anunue baiskeli.

Akanunua hardtail, yaani ile yenye springi mbele tu. Tukaanza kuendesha pamoja kila Jumapili, kwa sababu yeye ni Msabato na Jumamosi hashikiki. Mimi padri wangu aliacha kuniuliza niko wapi.

Akawa rafiki yangu wa kweli. Mjaluo na Mkisii, watu walikuwa wanatutania kwamba tunalinda mpaka wa kaunti kwa baiskeli. Alikuwa ananiita daktari ingawa nimemwambia mara mia kwamba mimi si daktari.

Baada ya mwaka hivi mgongo ukaanza tena kulalamika. Si kwenye lami. Ni kwenye mawe. Akaniambia, "Daktari, nitafutie hiyo yenye inaruka mbele na nyuma. Lakini nataka moja tu, ya kila mahali. Sina nafasi ya kufuga baiskeli tatu."

Sasa hapa wale wa baiskeli sikilizeni, kwa sababu uchaguzi wenyewe bado nautetea mpaka leo.

Njia zetu hazifanani. Ukienda upande wa Kenyenya unakuta changarawe na vilima vya kukutoa roho. Mzunguko wa Masimba una miteremko mirefu ambayo breki zinanuka. Nyamira ni vijia vya katikati ya majani chai, vyembamba, vyenye utelezi, kona juu ya kona. Na Magwagwa, anakotoka Momanyi, unateremka kwenda mtoni na kupanda tena mpaka unajuta kuzaliwa.

Watu wengi wakisikia full suspension wanakimbilia ile yenye springi ndefu kupita kiasi, kwa sababu wameona video za watu wakiruka magenge. Ile baiskeli ni ya mtu anayepandishwa mlima kwa gari. Hapa kwetu, kila unachoteremka ulikipanda kwa miguu yako mwenyewe. Ukinunua ya kuruka magenge, utaisukuma kama mkokoteni.

Na ile nyepesi ya mashindano, yenye springi fupi, inapanda kama mbuzi, lakini mawe ya Kenyenya yangemrudishia mgongo wake kwenye meza yangu.

Nikaamua katikati. Springi yenye mchezo wa milimita 130 nyuma, 140 mbele. Tairi za inchi 29. Fremu ya alumini, si kaboni, kwa sababu kaboni ikipata jeraha kwetu hakuna wa kuitibu. Sprokoti moja mbele, lile gurudumu la meno linalovuta mnyororo, ili mambo yasiwe mengi. Shock ya hewa, ambayo unaijaza kulingana na uzito wako kwa pampu yake maalum.

Tulikwenda Nairobi kwa muuzaji wa zile zilizotumika ng'ambo. Nilikuwa na tochi na kitambaa. Nilikagua kila kiungo, kila mahali palipochomelewa, nikatikisa mkono wa nyuma, ile sehemu inayoshika gurudumu na kupanda na kushuka, nikiwa nimeweka kidole kwenye maungio kusikia kama yanacheza. Muuzaji alikasirika. Momanyi alikwenda kunywa chai akarudi, bado mimi niko chini kwa magoti.

Tatu nilizikataa. Ya nne ilikuwa nzima, hata mkwaruzo wa maana haikuwa nao. Nataka hilo lieleweke. Baiskeli ilikuwa nzima.

Momanyi aliipenda mpaka nikaona haya kwa niaba yake. Mgongo ukanyamaza. Ndani ya miezi miwili alikuwa ananiacha kwenye miteremko ya Masimba, halafu ananingoja chini akila muwa.

Kwao, kitu kipya lazima mama akione. Kwa hiyo Jumapili moja akaipeleka Magwagwa, na mimi nikaenda naye.

Mama yake Momanyi ni mama mfupi, mwenye sauti, mjane wa siku nyingi. Ana majani chai kidogo, ndizi, na ng'ombe wawili. Mimi ananiita Omogere, jina wanalotuitia sisi Wajaluo, lakini analisema kwa upendo. Kiswahili chake ni cha sokoni, na anakitumia kwa ajili yangu peke yangu. Na mgeni hatoki kwake mkono mtupu. Hiyo si tabia, ni sheria. Hata ukija kuuliza njia tu utaondoka na parachichi mfukoni.

Aliizunguka ile baiskeli mara mbili. Akainama. Akasema, "Hii kitu ni baiskeli ama ni panzi?"

Tukacheka. Akauliza, "Keria iko wapi?"

Momanyi akamweleza kwamba aina hii haina keria, kile kibebeo cha mizigo cha nyuma. Mama akamwangalia kama mtu aliyeambiwa nyumba haina paa. "Sasa mtu akikuja kwangu, anabeba na nini? Na kichwa?"

Siku hiyo tulirudi na ndizi ndani ya begi mgongoni, maparachichi mifukoni, na mama akiwa amenuna. Tulimcheka njia nzima. Nami nilimweleza Momanyi kwa nini haiwezekani. Sehemu ya nyuma ya full suspension inacheza, bomba zake ni nyembamba, na ukiitundikia mzigo au ukaitoboa unaiua. Alielewa. Aliniambia, "Wewe ndio unajua."

Muda ukapita. Mke wangu Akinyi akajifungua mtoto wetu wa kwanza.

Katika wiki hizo Momanyi alikwenda nyumbani kwa shughuli ya ukoo, mvua ikanyesha mfululizo, njia zikawa tope tupu. Akaiacha baiskeli kwa mama yake, akarudi mjini kwa gari. Ilikaa huko kama wiki mbili.

Jumapili iliyofuata baada ya njia kukauka, pickup ya duka lake ilikuwa inapeleka mabati Magwagwa. Tukapanda, baiskeli yangu nyuma, mpango ukiwa tuchukue yake na tuendeshe kurudi Kisii.

Tulifika asubuhi. Mama alikuwa ametungoja mlangoni, amevaa kitambaa kipya. Tukaamkiana, "Bwakire," nami nikajibu kwa Ekegusii changu cha kubahatisha, akacheka. Halafu akaingia jikoni, akaitoa baiskeli mwenyewe, akiisukuma kwa mikono miwili.

Ilikuwa na keria.

Wakuu, ilikuwa keria nzuri. Ya chuma, imara, imepakwa rangi nyeusi kufanana na fremu. Mama alikuwa amemwita fundi wa mageti pale sokoni, na pesa yake ya majani chai ndiyo iliyolipa. Chuma cha geti hakishikani na alumini, kwa hiyo fundi alitoboa mkono wa nyuma, matundu mawili kila upande, akapitisha bolti na kukaza. Hakuwa mjinga. Alifanya kama anavyofanya kwa zile baiskeli nyeusi za chuma ambazo zimebeba mikungu Gusii tangu babu zetu.

"Sasa imekuwa baiskeli," mama akasema. "Na tumejaribu. Fundi mwenyewe amebeba mkungu mbili mpaka soko, na hajalalamika."

Mimi nilichutama. Mazoea ya kazi.

Tundu la nyuma upande wa kushoto lilikuwa karibu sana na pale palipochomelewa. Na kwenye ukingo wa lile tundu, ndani ya rangi mpya, kulikuwa na mstari. Mfupi kama ukope wa jicho.

Nilijiambia ni rangi imepasuka. Mimi, mtu ambaye kazi yake ni kutosema hivyo.

Momanyi naye alikuwa ameduwaa. Alimwangalia mama yake, akaniangalia mimi, akaniuliza mbele yake, "Daktari, iko sawa?"

Mama akaingilia, amefurahi, "Ee, mwambie. Wewe ndio unajua hizi vitu. Iko sawa?"

Hapo ndipo ilipo hadithi yote, wakuu. Yale mengine ni matokeo.

Nilimwona yule mama. Nilifikiria ile pesa ya majani chai. Nilifikiria kwamba mimi ni mgeni, Omogere, nimekaribishwa, na sasa nimwambie mbele ya mwanawe kwamba zawadi yake ni takataka na ameharibu kitu cha thamani? Kwetu na kwao, hilo halisemwi na mgeni mlangoni. Unasubiri. Unamvuta rafiki yako pembeni mkishaondoka.

Nikasema, "Iko sawa, mama. Kazi safi."

Akapiga makofi.

Halafu akaleta mzigo. Mkungu mkubwa wa ndizi na mfuko wa unga wa wimbi. Ulikuwa wa Akinyi. "Mzazi anakunywa uji ya wimbi, maziwa inakuja. Wewe Omogere utaniletea mtoto nimwone." Akaufunga kwa mpira mwenyewe, akavuta mpaka keria ikaitika.

Mzigo ule ulikuwa wa nyumba yangu, na baiskeli yangu haikuwa na keria.

Mpango wangu ulikuwa hivi. Tuendeshe polepole mpaka lami, kilomita tatu hivi, halafu hapo nimwambie Momanyi, tushushe mzigo, tuipigie pickup simu. Kilomita tatu tu. Nilikuwa hata nimeshapanga maneno.

Momanyi akatangulia kwa sababu njia ni yake. Mimi nyuma. Majani chai pande zote mbili, njia imekauka juu lakini chini bado laini. Alikuwa anaendesha polepole kweli. Alikuwa hata anaimba.

Mimi macho yangu yalikuwa kwenye ule upande wa kushoto. Nilikuwa nauangalia unavyopanda na kushuka. Nilifungua mdomo mara mbili. Mara ya kwanza mama alikuwa bado anatupungia mkono kutoka juu, nikasema tumalize kona. Mara ya pili tulikuwa tumeshaanza mteremko wa kwenda kwenye kijito, nikasema tuvuke.

Kwenye kijito kuna kalavati, daraja dogo la saruji, na kabla ya kalavati maji ya mvua yalikuwa yamechimba mfereji kukata njia. Kwa baiskeli ile, mfereji ule si kitu. Gurudumu la mbele likavuka. La nyuma likaingia, mzigo ukakaa chini, nikasikia mlio kama wa kuni kavu.

Mkono wa nyuma ulikatika. Gurudumu likageuka likajibana kwenye fremu. Momanyi akarushwa, akaangukia mgongo kwenye ukingo wa saruji wa kalavati.

Ndizi zilitawanyika njia nzima. Unga wa wimbi ulimwagika kwenye maji.

Nilipomfikia macho yake yalikuwa wazi. Hakulia. Aliniambia, "Owuor, sisikii miguu." Ile siku hakuniita daktari.

Watu walitoka kwenye majani chai wakikimbia, wema, kila mmoja akitaka kumwinua. Nilipiga kelele kama kichaa. Niliwasukuma wazee wa watu. Nikawaambia waning'olee mlango, na kwa kweli mtu alikwenda akang'oa mlango wa jiko lake, tukamtelezesha juu yake bila kumkunja, tukamfunga kwa kanga na mipira ile ile iliyofunga ndizi. Pickup ikaja, nusu ya mabati bado imo ndani.

Hilo nililifanya sawasawa. Daktari alinisifu. Sijawahi kuchukia sifa kama ile.

Hospitali tuliyompeleka, mpiga picha wa pale ni mtu tuliyesoma naye. Aliniambia nisubiri nje. Sikusubiri. Nilisimama nyuma yake, picha ikatokea, na nilijua kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo. Mgongo ule niliujua. Niliwahi kuupiga picha mwenyewe ukiwa mzima.

Baada ya upasuaji, siku ya tatu, Momanyi akaniuliza tukiwa wawili. "Ni mkono ya nyuma ilikatika?"

Nikasema ndiyo.

"Kwa shimo ya keria?"

"Kwa shimo."

Akafunga macho. Halafu akasema, "Mama asijue. Umenisikia? Itamuua. Sema ni baiskeli tu."

Nikakubali. Na hapa niwe mkweli mpaka chini. Nilikubali haraka mno. Ile siri aliyoniomba niifiche ilikuwa inafunika na yangu. Momanyi alidhani sikuona kitu. Alidhani nilisema "iko sawa" kwa kutojua.

Basi lawama ikaja kwangu, na nikaipokea. Magwagwa yote ilisema Omogere alimnunulia kijana wao baiskeli ya mitumba iliyochoka. Kwenye kundi letu la waendeshaji watu waliacha kuniuliza ushauri. Mke wake Momanyi, Kerubo, ambaye sasa ndiye anasimamia duka, alinisalimia kwa mdomo tu.

Nitawaambia kitu cha aibu. Ilinifaa. Kulaumiwa kwa kosa ambalo hukufanya ni mto laini sana wa kulalia lile ulilofanya. Nilikuwa natembea mjini nikijihisi kama shahidi wa imani.

Miguu haikurudi. Haitarudi.

Nyumba yake ya mjini iko ghorofa ya pili, kwa hiyo alihamishiwa kwa mama kwa muda. Alipewa kiti cha magurudumu, kile chepesi cha alumini, kizuri. Nilikuwa nakwenda kumwona kila Jumapili ya pili. Mama alikuwa ananipokea. Wakati mwingine bila maneno, lakini alinipokea, na wakati wa kutoka kulikuwa na mfuko. Mboga, mayai, kitu. Sheria ni sheria, hata kwa mtu aliyekuletea msiba.

Sasa safari ya mwisho.

Nilifika asubuhi. Momanyi alikuwa uani kwenye kiti chake, jua likimpiga usoni. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, na mbele yake, juu ya gunia, kulikuwa na ile keria.

Alikuwa ameitafuta kwenye mabaki ya baiskeli yaliyokuwa nyuma ya jikoni. Alikuwa ameisugua kwa majivu mpaka ikang'aa. Haikuwa hata imepinda.

Akaniambia, kwa uchangamfu ambao sikuwa nimeusikia tangu siku ile, kwamba Momanyi anachoka kukaa bure. Anataka awe anakwenda mpaka dukani hapo juu na kurudi na kitu, sukari, mkate, ajisikie mwanamume. Lakini mikono yake yote iko kwenye magurudumu.

"Na hii keria iko mzima," akasema. "Fundi anakuja saa sita. Atatoboa hapa na hapa." Akagusa bomba za kile kiti, nyuma ya mgongo wa mwanawe. "Wewe ndio unajua hizi vitu. Iko sawa?"

Maneno yale yale.

Momanyi alinikazia macho. Ningeweza kudanganya tena. Ningesema itakuwa nzito, au rangi haitafanana, na yangeisha. Nilikuwa na uongo kama mitatu tayari mdomoni.

Nikasema, "Usitoboe, mama."

"Kwa nini?"

"Hii ni ile chuma nyepesi kama ya baiskeli. Ukiitoboa inakatika."

Aliiangalia keria. Aliangalia kiti. Niliona jambo lenyewe linavyomfikia, polepole, na sikuwa na namna ya kulirudisha.

"Kwa hivyo ile baiskeli," akasema. "Ni tundu."

Momanyi akasema, "Owuor, nyamaza. Mama, wachana na yeye."

Mama hakumsikiliza. Aliinua uso. "Ile siku nilikuuliza. Ulijua?"

Wakuu, nimepiga picha watu wengi waliovunjika, na sijawahi kuona uso wa namna ile.

"Niliona mstari," nikasema. "Kwa tundu ya kushoto. Nilijua. Nilitaka kumwambia tukifika lami."

Hapo Momanyi naye akageuza kichwa. Hilo hakulijua.

Mama aliweka mikono yote miwili juu ya keria, kana kwamba ingeruka. Hakupiga kelele. Mama yule mwenye sauti. Akasema, "Ungesema tu. Ningekasirika siku moja tu."

Akaichukua keria akaingia nayo jikoni.

Tukabaki wawili. Nilisema samahani, na haikuwa na maana. Momanyi alikuwa anaangalia mlango wa jikoni. Baadaye akasema, "Jua imezidi." Nikashika vishikio vya kiti nimpeleke kivulini.

Akasema, "Acha. Nitangoja mama."

Nikaacha. Nikachukua begi langu, nikatembea mpaka langoni. Nilisimama pale kidogo, kwa mazoea, kwa sababu ni hapo ndipo huwa anakuita urudi, umesahau mfuko. Hakuna aliyeita.

Niliteremka mpaka lile kalavati na kulivuka. Ni mara ya kwanza nimetoka nyumba ile mkono mtupu.

Sasa tangu siku hiyo Momanyi hajapokea simu. Kerubo naye alinijibu kwa ujumbe mmoja tu kwamba mama hali chakula vizuri. Sijarudi. Akinyi anasema niende, nikafukuzwe huko kama ni kufukuzwa. Nafikiri ana haki, lakini bado sijaweza.

Nilichojifunza nitakisema bila kupamba.

Kwa wenye full suspension, mkono wa nyuma hautobolewi. Si kwa keria, si kwa taa, si kwa chupa ya maji. Ukiwa na mzigo, beba begi, au nenda na ile nyeusi ya chuma ambayo imezaliwa kwa mizigo. Na ukimwachia mtu baiskeli yako, hata mama yako mzazi, mwambie wazi kile kisichofanyiwa. Sisi tulicheka tu, halafu tukaondoka.

Yule fundi nilipita kwake siku hiyo hiyo nikitoka kwa mama. Nilimwonyesha kwa mchoro chini kwenye vumbi jinsi alumini inavyokatika. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka drili chini. Aliniuliza tu, "Mbona hamkuniambia mapema?" Miezi yote hiyo, na duka lake liko kando ya barabara.

Na kubwa kuliko yote. Sisi tumefundishwa kwamba heshima ni kunyamaza mbele ya mzazi wa mtu na kusema baadaye. Mimi nimeona hiyo "baadaye" ni kilomita ngapi. Ukiona ufa, sema hapo hapo mlangoni, mbele ya mama, hata kama zawadi iko mikononi mwake. Akasirike. Anune. Asikupe ndizi.

Atakasirika siku moja tu.

Ni hayo, wakuu. Nawaachia jukwaa. Wa kunitukana anitukane, sitajibu kwa ukali safari hii. Lakini kama kuna aliyewahi kurudi kwenye nyumba aliyoivunja, aniambie aliingia akisema nini.